Bango la mama lishe na msumari wa chandarua

Kisa chenyewe ni kidogo. Mama lishe mmoja wa Kirumba hapa Mwanza, si mbali na mwalo wa kushushia samaki, alituagiza bango la turubai, mita mbili kwa moja. Kijana ninayemfundisha kazi alishinda nalo kwenye kompyuta siku nzima, tukachapa, mama akaja kuchukua mzigo wake. Akalikunjua juu ya meza, akarudi nyuma hatua mbili, akainamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka.

"Mwanangu, linapendeza kweli," akasema. "Ila hapa mimi nauza nini?"

Kijana akaanza kumwonyesha kwa kidole. Sato wa kuchemsha huyu hapa, wa kukaanga yule pale, sangara, dagaa, ugali wa dona, ugali wa udaga, wali, pilau, chapati, supu, juisi, tunapokea oda za sherehe. Hakuna kilichosahaulika. Fonti zilikuwa tano, rangi saba, picha za samaki nne zilizookotwa intaneti, mmoja wao wa baharini ambaye ziwa letu halijawahi kumwona. Namba ya simu ilikuwa imejibanza kwenye kona ya chini. Mama aliondoka bila bango. Turubai lile mpaka leo linafunika gunia la mkaa nyuma ya duka, na gharama yake niliimeza mimi.

Ningeweza kumsomea kijana kanuni za dizaini palepale, lakini alikuwa anazijua. Ameangalia video nyingi kuliko mimi. Mwamshe usiku wa manane atakutajia mizani, msisitizo, uwiano, mdundo, utofauti, umoja na nafasi tupu, mfululizo, kama mtoto anayetaja siku za wiki. Kwake hayo yalikuwa maneno ya kompyuta, vitu vinavyoishi ndani ya programu na kulala ukizima umeme. Jumapili iliyofuata alinikaribisha kwao Mabatini tukale chakula cha mchana, nami nikatia futi ya fundi mfukoni. Sikuwa na mpango mkubwa. Nilitaka tu tutembee nyumba nzima na swali la yule mama: hapa panauzwa nini?

Ngazi ya tisa

Anayeijua Mabatini anajua kwamba kule nyumba zimepandana na mawe. Kutoka njiani hadi mlangoni kwa kina kijana kuna ngazi kumi na nne za saruji zilizomwagwa juu ya jabali. Ya tisa ilinikwaa nikapiga goti.

"Angalia hapo, baba!" mama yake akaita kutoka barazani, akiwa amechelewa kidogo.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, huku najipangusa. Akacheka, akaniitikia, kisha akahamia Kiswahili ili nisiaibike zaidi.

Nikachomoa futi. Ya nane ilikuwa sentimita 17, ya kumi 17 na nusu. Ya tisa, 23. Fundi alikutana na uvimbe wa jiwe, badala ya kuchonga akapandisha. Mguu hauhesabu, ukishapanda ngazi tatu nne za kimo kimoja, unakariri, na macho yanabaki huru kuangalia unakokwenda. Mdundo kazi yake ndiyo hiyo, kumpumzisha mtu asifikirie kila hatua. Ukiuvunja bila sababu, unamwangusha.

Kijana aliitazama ngazi ile kwa muda. Kwenye bango lake nafasi kati ya mistari ilikuwa kubwa juu, ikapungua kadiri alivyoshuka, mpaka mistari ya mwisho ikawa imekaliana mabegani.

"Niliiminya ili itoshe," akasema.

Naye fundi wa ngazi bila shaka angejibu hivyohivyo.

Sebule

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ugonjwa wa bango ulipokuwa, na ndipo nilipokaribia kuvunja heshima ya nyumba ya watu.

Sebule ina upana wa mita tatu. Ndani yake kuna seti ya sofa za watu saba, zawadi ya binti mkubwa. Ni sofa nzuri hasa, nene, zenye mikono mipana ya kuweka sahani. Kila moja inakula sentimita 90 za sakafu. Panga mbili zikitazamana, tayari mita moja na sentimita 80 zimekwenda. Weka meza ya kioo ya sentimita 60 katikati, unabakiwa na 60 nyingine, ambazo lazima uzigawe pande mbili: 30 huku, 30 kule. Mtu anayetembea kawaida anataka walau 60 peke yake. Kwa hiyo pale watu wanapita kiubavu, na aliyebeba sinia la chakula hapiti kabisa.

Ndiyo maana hawali pale. Nilipouliza wanakula wapi nikaonyeshwa mkeka barazani.

Sofa hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kati ya sofa na chumba, na uwiano daima ni jambo la wawili. Dukani, kwenye ukumbi mkubwa wenye dari refu, seti ile lazima ilionekana ya wastani. Kijana alikumbuka kwamba lile bango alilidizaini kwenye kioo cha kompyuta, uso ukiwa karibu, ambapo neno SATO la sentimita nne huonekana kubwa tu. Mafundi wa mabango tuna kanuni yetu ya mkono: kila mita tatu za umbali, toa sentimita mbili na nusu za kimo cha herufi. Sentimita nne zinakutosha kama mita tano. Yaani mteja angesoma kwamba kuna sato akiwa ameshafika mezani na harufu imeshamwambia.

Halafu runinga. Ilikuwa imewekwa chini ya dirisha la magharibi, kwa sababu soketi iko hapo. Mwanza tuko kama digrii mbili na nusu tu kusini ya ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko juu karibu na utosi mwaka mzima, na paa lenye ukingo mfupi tu linatosha kulizuia. Jua la saa kumi ni jingine. Linaingia limelala, chini ya paa, moja kwa moja hadi machoni. Jicho hujipima kwa kile kinachong'aa zaidi. Likishalizoea dirisha, runinga iliyo chini yake inageuka sanduku jeusi linaloongea. Mama alikuwa ametundika shuka zito dirishani, na chumba kizima kikawa giza mchana kweupe ili picha ionekane.

Bango letu lilikuwa na maneno mekundu juu ya buluu. Nilimfanyia kijana hesabu kwa kipimo ambacho W3C, shirika la viwango vya intaneti, wanakitumia kwa kurasa za intaneti: maandishi ya kawaida yaachane na usuli wake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, makubwa 3 kwa 1. Nyekundu kamili juu ya buluu kamili inapata kama 2.1. Njano juu ya nyeupe, ambayo nayo alikuwa ameitumia mahali, inapata 1.07, yaani kidogo tu zaidi ya kutoandika chochote. Turubai si kioo cha simu, lakini jicho ni lilelile. Rangi mbili zinaweza kuwa tofauti kwa jina na bado zikalingana kwa mwanga. Utofauti unaosomeka ni ule wa mwanga.

Ukutani palikuwa na kalenda tatu (mbili za miaka iliyokwisha), saa, cheti cha kijana cha kidato cha nne, maua ya plastiki, na picha ya marehemu baba yake kwenye fremu ndogo kati ya kalenda ya benki na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi.

Nikauliza, labda kwa haraka mno, kama tunaweza kushusha vitu vingine.

"Kwa hiyo nyumba yangu mbaya?" mama akauliza. Hakuwa amekasirika, lakini hakuwa anatania pia.

Nikajikusanya. "Hapana mama. Naona vitu vingi vinazungumza kwa pamoja."

Akainuka mwenyewe. Kalenda za zamani akazishusha, akazikunja vizuri. Zitafunika madaftari ya wajukuu. Maua, saa na cheti akavihamishia juu ya kabati. Ile kalenda ya mwaka huu akaipeleka jikoni, "maana tarehe za mchezo nazihesabia huko." Mchezo, ukiwa mgeni, ni ule wa kupeana fedha kwa zamu. Picha ya mzee ikabaki peke yake ukutani. Fremu ilikuwa ileile, msumari uleule, na ikaonekana kubwa mara mbili. Hatukusema kitu kwa muda. Kijana aliniambia baadaye kwamba siku zote amekuwa akifikiri msisitizo ni kukuza kitu.

Sebule ile, kwa maoni yangu, ilikuwa imepangwa kwa ajili ya mgeni anayekuja mara mbili kwa mwaka, ili aone kwamba hapa hakukosekani kitu. Lile bango lilipangwa na mtu mwenye hofu hiyohiyo. Kijana hakuwa anamwambia mpita njia ale nini. Alikuwa anamthibitishia yule mama kwamba amefanya kazi ya kutosha kulingana na fedha aliyolipwa.

Chandarua

Chumba cha mama hatukuingia, haikuwa na haja. Tuliingia cha kijana. Chandarua chake kinaning'inia kwenye msumari mmoja uliopigiliwa kwenye boriti, na boriti haiko juu ya katikati ya kitanda. Imekwenda pembeni sentimita 40. Matokeo yake upande wa ukutani chandarua kimelala chini kama gauni la bibi harusi, na upande wa mlangoni kinaishia juu ya godoro, hakifiki kuchomekwa. Na mbu wa huku ziwani hawahitaji mlango mkubwa.

Vitabu husema mizani ni hali ya jicho kutulia. Inawezekana. Kwa kijana huyu mizani ilikuwa suala la malaria. Alikuwa ameliishi kosa lile miaka mitatu, kila usiku akivuta chandarua kwa mguu, na hakuwahi kuliita kosa la dizaini. Akataka kwenda kuazima nyundo. Nikamwambia boriti haihami, je kitanda? Akakisukuma sentimita 40 kuelekea ukutani, chandarua kikashuka sawa pande zote. Haikugharimu hata msumari. Kwenye bango, samaki wote wanne walikuwa kushoto na maneno yote kulia yamejikunyata. Naye alikuwa amejaribu kusawazisha kwa kuongeza nyota na miale upande mwepesi.

Jikoni

Jiko la mama ndicho chumba cha bei rahisi kuliko vyote pale, bati na mbao, na ndicho kilichopangwa kwa akili zaidi. Ukikaa kwenye kigoda chake, jiko la mkaa liko mbele, ndoo ya maji yenye mfuniko kulia, kapu la mkaa kushoto. Mwiko, kiberiti na kopo la chumvi viko kwenye kibao kimoja, pale mkono unapoishia bila mgongo kuinuka. Kitunguu, nyanya na mafuta ya kula viko pamoja kwenye ungo. Mafuta ya taa yako peke yake, chini, karibu na mlango.

Mwaka 1923 mwanasaikolojia Max Wertheimer alichapisha huko Ujerumani makala iliyoonyesha kwamba jicho hukusanya vitu kwa makundi lenyewe: vilivyo karibu linavihesabu jamaa moja, na vinavyofanana vilevile. Mama hakumsubiri. "Yale mafuta ya taa," nikamuuliza, "mbona umeyatenga?" Akanitazama kana kwamba nimeuliza mbona watu hulala usiku. "Si ili mtoto asiyatie kwenye mboga?"

Sufuria saba zilitundikwa ukutani kuanzia ile ya pilau ya msiba hadi ile ya uji wa mtoto, zikipungua kwa hatua, mishikio ikiwa kwenye mstari mmoja. Iliyotundikwa nje ya mstari ni ile inayovuja. Ni ujumbe, na kila mtu nyumbani anausoma.

Nyuma ya mlango ilining'inia khanga moja ya zamani, MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Niliicheka kimoyomoyo nikikumbuka sebule. Lakini kijana ndiye aliyeishusha, akaitandaza kwenye mkeka, na nadhani hapo ndipo somo lilipohama kutoka kwangu kwenda kwake. Pindo linazunguka pande zote nne. Katikati ni mji, wenye pambo moja kubwa. Chini ya mji, mstari mmoja wa jina, yaani ule usemi wenyewe, herufi kubwa tupu, mwandiko mmoja. Mama zetu wamesomana kwa mpangilio huo vizazi kadhaa, tena mtu akiwa anatembea, nguo ikipepea.

"Hapa hakuna hata fonti ya pili," akasema.

Michembe

Nyuma ya nyumba kuna jabali pana, kijivu, lenye joto mpaka usiku unapoingia. Ilikuwa Julai, viazi vimetoka, na juu ya jabali mama alikuwa ameanika michembe, vipande vya viazi vitamu vibichi vilivyokatwa vyembamba. Vimetawanywa hivi kwamba hakuna kipande kinachogusa kingine. Nilimtania kijana, nikasogeza vipande kadhaa na kuvipandanisha, nikisema tuongeze debe jingine hapo, nafasi si ipo? Mama alinifokea kabla sijamaliza.

"Vitaota ukungu!"

Akaja kuvitenganisha kimoja kimoja, kwa ncha za vidole. Nafasi ile kati ya kipande na kipande ndiyo inayokausha; upepo unapita pale. Sikuongeza neno. Kijana alikuwa ameshatoa simu, anapiga picha mawe.

Bango la pili, na la tatu

Ningependa kuandika kwamba alirudi kazini Jumatatu akatoa kitu safi. Alirudi akatoa turubai jeupe lenye neno SATO katikati na namba ya simu. Lilikuwa zuri sana, la kuwekwa kwenye maonyesho. Mama lishe alilitazama kwenye kompyuta (safari hii hatukuchapa kwanza, mjinga haliwi mara mbili) akauliza:

"Weupe wote huu ndio nimeulipia?"

Alikuwa na haki. Kijana alikuwa ameiga michembe bila viazi. Tukamkalisha mama, tukamuuliza maswali ambayo tungepaswa kumuuliza siku ya kwanza. Nani anapita? Wabeba samaki asubuhi, watu wa daladala mchana. Wanauliza nini kwanza? "Sato yupo?" Wakishajua yupo? "Wa kuchemsha au wa kukaanga." Na wali, pilau, chapati? Hivyo, akasema, hutegemea siku. Kuna siku hapiki kabisa.

Kwa hiyo vitu vinavyobadilika kila siku tukavitoa kwenye bango, vikaenda kwenye ubao wa chaki mlangoni, kama mafuta ya taa yalivyotengwa na mboga. Bango likabaki na mpangilio wa khanga: pindo la buluu iliyokolea, samaki mmoja mzima kwenye sahani, aliyepigwa picha kwenye meza ya mama mwenyewe, SATO kwa herufi za sentimita 25 zinazosomeka kutoka mita 30, chini yake WA KUCHEMSHA NA WA KUKAANGA, kisha namba ya simu. Mama akataka na KARIBUNI WOTE. Nilipinga; niliona ni kelele. Kijana akaliweka ndani ya pindo la juu, dogo, jeupe, likakaa kama limezaliwa pale. Nikanyamaza.

Wiki iliyofuata tulipita kuliona likiwa mahali pake. Ilikuwa saa kumi. Kibanda kinatazama ziwa, yaani magharibi, na mama alikuwa amebana khanga mbili kwa vibanio vya nguo kwenye ukingo wa chini wa bango, ili wateja wasichomwe macho. Pindo la khanga lilipanda juu likaziba namba yote ya simu.

Kijana alisimama akaiangalia, mikono kiunoni. Nilidhani atalalamika. Akaenda kwa mama, akachuchumaa kando ya sufuria la supu.

"Mama, shikamoo. Jua linaanza kuwachoma wateja saa ngapi?"

"Marahaba. Tisa na nusu hivi," mama akajibu, akimvutia benchi. "Lakini usiniulize mimi. Kaa hapa uone."

Akakaa. Mimi nikaenda kutafuta kamba ya pili ya kutundikia khanga.